Mchoraji wa Sinema ya Tausi

Wahu alikuwa amekaa kibarazani kwake Riruta akichambua maharagwe wakati simu ilipolia. Namba hakuijua. Alipoipokea, sauti ya mwanamume mtu mzima, yenye adabu nyingi, ikauliza kama huyo ndiye Mama Kui, yule aliyekuwa akiuza tikiti Sinema ya Tausi zamani.

Wahu akasimamisha mkono ndani ya ungo. Ilikuwa miaka mingi hajasikia jina la Tausi likitajwa na mtu. Watoto wake walijua tu kwamba mama aliwahi kufanya kazi mjini kabla ya kuolewa, na marehemu mumewe, fundi wa magari, hakuwa mtu wa kuulizauliza.

"Ni mimi," akasema. "Wewe nani mwenzangu?"

"Naitwa Haron. Hunijui, lakini mimi nakujua. Kila Jumapili nilikuwa nakuja picha ya mchana. Wewe ulikuwa unakaa kwa kile kidirisha, na kitambaa chekundu kichwani."

Wahu alicheka bila kukusudia. Kitambaa chekundu! Yeye mwenyewe alikuwa amekisahau. Haron akacheka naye, kisha akamwomba wakutane mjini, wanywe chai, wazungumze kidogo juu ya siku zile.

Siku ya miadi Wahu alivaa viatu vyake vya kanisani. Alishukia mjini mapema kuliko ilivyohitajika, akajikuta anafuata ile njia ya zamani nyuma ya barabara ya Tom Mboya kana kwamba anawahi zamu. Jengo lilikuwa bado lipo. Ghorofani palikuwa kanisa, na spika zake zilining'inia pale palipokuwa na taa za rangi. Chini, ukumbi wa kuingilia ulikuwa umegawanywa vibanda vidogovidogo. Mahali pa kidirisha chake, msichana mwenye kucha ndefu alikuwa akiuza vifuniko vya simu.

Alisimama pale watu wakimpita. Alikumbuka foleni ya Jumapili iliyokuwa ikizunguka kona, vijana wamechana nywele wakapaka mafuta, wasichana wameshikana mikono, mzee wa njugu na koni zake za magazeti. Alikumbuka ule mngurumo wa watu ukumbini taa zilipozimwa. Na zaidi ya yote alikumbuka ubao mkubwa juu ya mlango, ambao kila Alhamisi ulishushwa na kupandishwa mwingine, rangi zake bado zinanuka. Watu waliokuwa na haraka ya kwenda kazini walisimama kuutazama. Aliyezichora mbao zile ni Wachira.

"Nikusaidie, shosh?" msichana wa vifuniko akamuuliza, kama anayesema na bibi yake.

"Hapana, mwanangu. Nilikuwa napita tu."

Haron alikuwa akimngoja katika mkahawa karibu na bustani ya Jeevanjee. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyestaafu juzijuzi kutoka kampuni ya bima, na alisimama kumvutia kiti. Mazungumzo yao yalianza vizuri. Alimweleza kwamba yeye na wenzake wana kikundi kwenye Facebook ambapo watu huweka picha za Nairobi ya ujana wao, mabasi, maduka, sare za shule, na wanachama ni wengi ajabu, wengine wanaandika kutoka ng'ambo. Waliongea juu ya wachezaji filamu wa Kihindi na wale wa karate, na jinsi watu walivyokuwa wakimwonya shujaa kwa sauti kwamba adui yuko nyuma yake. Wahu alicheka mpaka akafuta machozi.

Kisha Haron akasukuma kikombe chake kando.

"Mama Kui, mimi nilikuwa ndani ile siku. Siku ya Kitavi."

Kitavi alikuwa meneja wa Tausi. Jumapili moja mwaka wa themanini na tano, wakati picha ya mchana ikiendelea, mtu alimpiga kichwani na kipande cha chuma ndani ya ofisi yake ya ghorofani. Alikutwa amekufa picha ilipokwisha. Aliyefungwa kwa kosa hilo ni Nashon, mlinda mlango, mtu wa kutoka upande wa magharibi, kwa kuwa wiki ileile Kitavi alikuwa amemkatalia ruhusa ya kwenda nyumbani kumzika mama yake, na watu waliwasikia wakigombana. Nashon alikana mpaka mwisho. Aliugua akafia gerezani, watoto wake wakiwa bado wadogo.

"Nilitoa ushahidi kwa hiyo kesi," Wahu akasema taratibu. "Waliniuliza kama Nashon aliondoka mlangoni. Nikasema ukweli. Tangu watu waingie mpaka mapumziko tulikuwa naye pale mlangoni, hakutoka hata kidogo. Baada ya mapumziko akavuka barabara kununua sigara, akakawia. Basi wakasema ndio wakati aliua. Ukweli wangu ndio ulimfunga."

"Si wewe uliyemfunga."

"Ni rahisi wewe kusema."

Haron akaitikia kwa kichwa. Akasema amekuwa akiifikiria kesi ile tangu astaafu, na kwamba binti wa Nashon, Lornah, aliwahi kukiandikia kikundi akiuliza kama kuna mtu anayemkumbuka baba yake. Tangu hapo amekuwa akitafuta magazeti ya zamani na kuongea na watu. Na sasa anaamini amempata aliyeua.

"Ni nani?"

Haron alitoa simu yake, akamwonyesha picha ya ubao wa Tausi, iliyopigwa na mtu aliyekuwa akipita njia. Ilikuwa filamu ya Kihindi, na msichana wa filamu alikuwa amelalia bega la shujaa. Akamwonyesha ya pili, filamu ya Kichina, msichana ameshika upanga. Ya tatu ilikuwa ya Kizungu, msichana juu ya farasi.

"Tazama uso," Haron akasema. "Tazama paji la uso, na hilo pengo la meno. Mhindi, Mchina, Mzungu, wote wana pengo moja. Nilizitazama hizi picha wiki nzima ndipo nikajua nimeuona wapi uso huo. Kwa kidirisha cha tikiti."

Wahu alihisi joto likimpanda shingoni kama msichana. Alikuwa akijua. Wafanyakazi wote wa Tausi walijua, na walimtania kwa hilo. Lakini hakudhani kama kuna mtazamaji hata mmoja aliyewahi kugundua.

"Mchoraji alikupenda," Haron akaendelea kwa upole. "Na watu wanasema Kitavi alikuwa anakusumbua. Gazeti moja liliandika kwamba kwa mlango wa ofisi kulikuwa na rangi ya buluu, mbichi. Hakuna aliyefuatilia. Na huyo Wachira alishikwa akahojiwa, akaachiliwa, na wiki hiyohiyo akatoweka mjini. Mtu asiye na hatia anakimbia nini?"

"Wachira hangeweza kuua hata panya."

"Mama Kui, watu wanaopenda..."

"Umeshayaandika hayo?"

"Bado. Nilitaka nikusikie wewe kwanza. Na nimeambiwa yuko hai. Anaishi Mutuini, kwa shamba la wazazi wake."

Wahu akainuka, chai yake imebaki nusu. Akamwambia Haron asiandike neno mpaka atakapompigia simu. Haron, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaahidi.

Siku zilizofuata Wahu hakuwa na raha. Alipanda sukuma wiki nyuma ya nyumba akasahau kumwagilia. Kui, bintiye, alipopiga simu kumjulia hali, alijibu mkato mpaka Kui akamuuliza kama anaumwa. Haikuwa ugonjwa. Ni kwamba Haron alikuwa amegusa jambo ambalo hakulijua. Ni kweli Kitavi alikuwa akimsumbua. Alikuwa akimwita ofisini kwa visingizio, anamshika mkono hauachi, anamzibia njia kwenye ngazi. Wahu alivumilia muda mrefu. Kisha siku moja, wamekaa na Wachira kwenye nyasi za Uhuru Park wakitazama watu wakipanda mashua, akamwambia yote. Wachira alimshika tu mkono, vidole vyake vina madoa ya rangi kama kawaida, akatazama maji. Wiki haikuisha, Kitavi akafa.

Walikuwa wamekubaliana kwamba baada ya mavuno Wachira angekuja Riruta na wazee wake kujitambulisha. Badala yake alitoweka. Wahu alimngoja mwaka mzima. Alijua nyumbani kwao ni Mutuini, lakini msichana wa wakati ule angewezaje kumfuata mwanamume kwao? Alijiambia kwamba vipigo vya wale waliomhoji vilimtia hofu ya mji, na kwamba hofu ile ilimzidi mapenzi. Aliishi na maelezo hayo mpaka yakaacha kuuma. Sasa Haron alikuwa amemletea maelezo mengine.

Jumamosi alichukua bodaboda kutoka Dagoretti. Mutuini ilikuwa imebadilika, nyumba za kupangisha za mawe zimeota katikati ya migomba na nyasi za nepia, lakini boma la kina Wachira kila mtu alilijua. Alimkuta akikata majani ya ng'ombe. Alikuwa amekonda, mgongo umepinda kidogo, kofia ya sufu kichwani. Alipoona mgeni alisimamisha panga, akatazama, akaliweka chini polepole sana.

"Wahu," akasema.

Ilikuwa muda mrefu mtu hajamwita hivyo. Kwa kila mtu sasa alikuwa Mama Kui, au mama, au shosho. Alisahau salamu alizokuwa amezipanga njiani.

"Umezeeka," akamwambia.

"Na wewe je?" Wachira akajibu, na wote wawili wakacheka kwa aibu.

Alimkaribisha kwenye benchi nje ya jikoni, akamletea chai. Aliishi peke yake. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wako Nakuru. Waliulizana habari za watu wa zamani, nani yuko hai na nani hayuko. Wahu aliitazama mikono yake. Kidole cha kati na cha pete vya mkono wa kulia vilikuwa vimepinda, vimekaza, na Wachira alipoona anatazama akavificha katikati ya magoti.

"Hivi polisi walinivunja siku zile," akasema. "Brashi kubwa sikuishika tena. Naandika tu mabango ya maduka. 'Kinyozi.' 'Maziwa Fresh.' Sichori watu."

"Pole, Wachira."

"Vilishapoa."

Wahu akaweka kikombe chini. Alikuwa amefikiria njia nyingi za kuzunguka, lakini sasa aliziona zote ni upuzi.

"Kuna mtu anatafuta aliyemuua Kitavi. Anasema ni wewe. Nimekuja nikuulize mwenyewe. Ulimuua?"

Wachira akainua macho. Uso wake haukuwa wa hasira wala wa hofu. Ulikuwa wa mtu aliyesikia lugha asiyoielewa.

"Wewe," akasema, "wewe ndio unaniuliza mimi?"

"Nani mwingine akuulize?"

"Wahu, si ni wewe?"

Ng'ombe alikuwa akisukuma ndoo zizini. Wahu alidhani hakusikia vizuri.

"Mimi nini?"

"Si ni wewe uliyempiga? Alikushika kwa nguvu ukajitetea. Mimi sikukulaumu hata siku moja."

Maneno yakaanza kumtoka, kwanza kwa vipande, kisha kama maji. Ile Jumapili alikuwa nyuma ya jengo akichora anga la ubao mpya. Hasira juu ya Kitavi ilikuwa imemkaa wiki nzima, na mwishowe akatupa brashi akapanda ngazi za nyuma, mikono hivyohivyo na rangi, aende amwambie meneja aachane na msichana wake. Alisukuma mlango. Kitavi alikuwa amelala sakafuni, hana uhai. Na juu ya kiti, karibu na kichwa chake, palikuwa na sweta ya kijani ya Wahu, imerukiwa na damu.

"Sikufikiria mara mbili. Niliichukua nikaificha ndani ya turubai. Jioni nikaichoma. Waliponishika waliniuliza kama nilipanda juu, nikasema hapana. Wakaniuliza juu yako. Hapo ndio walivunja hivi vidole. Nikasema wewe sikujui, ni msichana tu wa tikiti."

Wahu alikuwa ameshika benchi kwa mikono miwili. Sweta ile aliikumbuka. Ilipotea kidirishani siku chache kabla ya Jumapili ile, na Kitavi alipokuwa akishuka ngazi alimwambia kwa tabasamu kwamba akiitaka aende akaichukue juu. Hakwenda. Aliamua kuisamehe sweta.

"Sikupanda kule," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wachira, sikupanda kule hata mara moja siku hiyo. Nilikuwa mlangoni na Nashon. Tulikuwa tunakula njugu."

Wachira akatazama vidole vyake vilivyopinda.

"Miaka yote hii," Wahu akasema, "umenitazama moyoni mwako ukaona muuaji. Na hukuniuliza. Ungekuja tu kwa kidirisha ukaniuliza!"

"Niliogopa ungejibu ndiyo."

"Ndio ukanikimbia."

"Nilikuwa nikikukumbuka naona ile damu. Nilikupenda na nilikuogopa, na sikujua niishi vipi na vyote viwili. Nikaona heri nikae mbali, wasije wakakufikia kupitia kwangu."

Wahu alilia basi, kilio cha kweli cha mabega kutikisika, na hakujua kama analia kwa hasira au kwa ajili ya vidole vile au kwa ajili ya wale vijana wawili wa Uhuru Park ambao hakuna aliyewaonya kitu. Wachira alikaa kando yake bila kumgusa. Alipotulia, alijipangusa uso kwa leso, na ndipo wazo lingine lilipomjia, nalo likamkausha machozi kabisa.

"Ulipanda saa ngapi?"

"Sijui saa."

"Picha ilikuwa imefika wapi?"

Wachira akafikiri. "Nusu ya kwanza haijaisha. Niliposhuka ngazi ndio niliona taa za mapumziko zikiwashwa ukumbini."

"Kabla ya mapumziko."

"Ndiyo, kabla."

"Nashon alitoka mlangoni baada ya mapumziko," Wahu akasema. "Kabla ya hapo tulikuwa naye, bega kwa bega. Niliwaambia hivyo kortini. Kitavi alikuwa ameshakufa."

Wachira akainamisha kichwa mpaka kofia ikamfunika macho. Alikuwa akijua tangu mwanzo kwamba Nashon hakuua, kwa kuwa alidhani anamjua aliyeua. Siku ya hukumu, akasema, alitapika hapo hapo shambani. Alijiambia kwamba akisema neno atakuwa amemtoa mmoja na kumtia mwingine, na huyo mwingine ni Wahu. Basi akanyamaza. Na alinyamaza kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwapo.

Wahu hakumfariji. Lakini hakuondoka pia. Waliketi pale mpaka chai ikapoa ndani ya birika, na mwishowe Wachira akasema yeye mwenyewe, bila kuombwa: "Nipeleke kwa yule mtoto wa Nashon."

Jioni ile Wahu alimpigia Haron akamweleza yote. Haron alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema, karibu kwa kunong'ona, kwamba rangi ya mlangoni ilikuwa ya Wachira kweli, na yeye alikuwa amejidai ni mjuzi.

"Sasa ni nani basi?" akauliza, na Wahu alisikia ile hamu ikimrudia sautini. "Ngazi za nyuma zilikuwa wazi. Mtu yeyote angeweza..."

"Haron," Wahu akamkata, "wacha kwanza. Tunaenda kwa Lornah."

Lornah alikuwa mwangalizi wa nyumba za ghorofa Muthangari, na aliishi katika vyumba viwili vya chini nyuma ya jengo, ua wake umejaa maua kwenye makopo ya rangi. Walifika Jumapili baada ya kanisa, watatu. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti nzito, na Wahu alipomwona mlangoni alimkumbuka baba yake. Alikuwa amesimama vilevile alivyokuwa akisimama Nashon, uzito wote mguu mmoja.

Wachira hakukaa alipopewa kiti. Alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi, akasimulia kwa Kiswahili chake cha taratibu, bila kujitetea. Alipofika mahali pa hukumu aliigeuza kofia mkononi, akaendelea. Haron alikuwa akitazama sakafu. Lornah alisikiliza mikono imekunjwa kifuani, uso hausomeki.

"Rudia hapo," akasema alipomaliza. "Pale kwa mapumziko."

Wachira akarudia.

"Na wewe, mama, uko tayari kusema hivyo? Kwamba alikuwa na wewe?"

"Nilishasema zamani," Wahu akajibu. "Nitasema tena, popote utakapotaka."

Lornah akaenda dirishani akawapa mgongo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imara.

"Mama yangu alikufa akisema si baba aliyeua. Watu wa nyumbani walikuwa wanamwitikia tu, kama unavyomwitikia mgonjwa." Akamgeukia Wachira. "Mzee, siwezi kukuambia nimekusamehe. Labda siku ingine. Leo siwezi."

"Sikuja kuomba hiyo," Wachira akasema.

"Lakini umekuja. Hakuna mwingine aliyekuja." Akatoa simu, akaiegemeza kwenye chupa ya chai mezani. "Kaa chini. Useme tena yote, ndugu zangu kule nyumbani wasikie kwa mdomo wako."

Wachira akakaa, akasema tena yote. Haron akajitolea kumtafutia wakili anayemjua, aandike rasmi maelezo ya Wachira na Wahu, na Lornah akakubali. Hapo shughuli iliyowaleta ilikuwa imekwisha, na Wahu akaanza kutafuta mkoba wake. Lornah akamshika mkono.

"Mama, ngoja. Mimi nilikuwa na miaka mitatu wakimchukua. Kila mtu anayeniambia habari ya baba ananiambia kesi. Kesi naijua. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Wahu akauweka mkoba chini. Alidhani hatakuwa na la kusema, lakini alipofumba macho Nashon alikuwa pale, na koti lake refu la vifungo vya shaba ambavyo alivisugua kila asubuhi kwa majivu. Akamweleza Lornah jinsi baba yake alivyokuwa akichana tikiti kwa mbwembwe, kama mtu anayekata utepe wa kufungua jengo, na kumwambia kila msichana "karibu, malkia," hata wale wabaya wa sura, hasa wale wabaya wa sura. Akamweleza jinsi alivyojua maneno ya Kihindi ya filamu nzima bila kuelewa hata moja, na jinsi mvua iliponyesha alivyokuwa akiwafunika akina mama kwa koti lake kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni, akirudi na kwenda mpaka yeye ndiye aliyebaki ameloa.

"Alikuwa anapiga mluzi," Wachira akasema kutoka kwenye kiti chake. "Mimi niko juu ya ngazi na ubao, yeye yuko chini, anapiga mluzi nisisikie kizunguzungu. Akiacha, namwambia, Nashon, nitaanguka!"

Lornah alicheka, kicheko kifupi cha kushtukizwa, akaziba mdomo.

"Mimi nilikuwa siku zingine sina ya tikiti," Haron akasema. Alikuwa ameona haya. "Alikuwa anatazama pembeni, anakohoa, ananiambia, 'Kijana, mimi macho yangu ni mabovu, sioni mtu akipita chini ya mkono wangu.' Nimeona nusu ya filamu za Tausi kupitia chini ya mkono wake."

Lornah akaenda jikoni akaweka maji mengine ya chai motoni, akawaambia kwa sauti kutoka huko waendelee, anasikia. Basi Wahu akaendelea. Aliwaeleza siku umeme ulipokatika katikati ya picha na watu wakaanza kupiga viti, na Nashon akapanda jukwaani na tochi akaigiza mwisho wa hadithi peke yake, shujaa na adui na msichana, mpaka watu wakasahau kudai pesa zao. Akasimama hapo chumbani kuwaonyesha alivyokuwa akifanya, mguu mmoja mbele, tochi chini ya kidevu, na Wachira akamsahihisha kwamba ilikuwa mguu wa kushoto.